SOMO: NGOZI IKIWASHA, TIBU NYUMBA NZIMA

Somo la leo ni la afya ya ngozi, hasa wakati wa joto na mvua. Lisomwe kwa sauti katika mkutano wa kikundi, sehemu moja moja, kisha mjadiliane. Ikiwa kuna mwanakikundi asiyejua kusoma, mwenziwe amsomee. Mwishoni kuna maswali na kazi ya kufanya.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili, kila mwanakikundi aweze:
1. Kutofautisha harara, upele na choa.
2. Kutibu upele kwa njia inayofaa, bila kumwacha mtu hata mmoja nyumbani.
3. Kujua ni tyubu gani na dawa gani za kuogopa.
4. Kujua ni lini mgonjwa wa ngozi apelekwe hospitali bila kungoja.

KISA CHA KUANZIA

Tuseme kuna mama mmoja huku tambarare, mwanakikundi kama wewe. Mtoto wake wa miaka sita alianza kujikuna usiku. Vipele vidogo vilikuwa kati ya vidole, kwenye viwiko na kiunoni. Mama akasema, "Ni joto tu, mvua ikiisha itaisha."

Haikuisha. Siku ya soko, jirani akamwambia, "Nunua ile tyubu ndogo, inamaliza kila kitu." Mama akanunua. Na kweli, siku nne tano mtoto akalala vizuri. Mama akashukuru sana. Lakini wiki ya pili muwasho ukarudi kwa nguvu kuliko mbeleni. Sasa cucu anajikuna, mtoto mchanga analia usiku kucha, na mama mwenyewe anawashwa kifuani.

Cucu akauliza, "Mwanangu, hii dawa unapaka nani?"

"Napaka huyu mkubwa tu, cucu. Tyubu ni ndogo, siwezi kupaka kila mtu."

"Na mimi ninayelala na yeye kitanda kimoja?"

Mama akanyamaza. Hapo ndipo palipokuwa na shida, lakini hakuna aliyeendelea na maneno hayo. Vipele vya mtoto vikawa vidonda vyenye usaha na magamba ya rangi ya asali. Baada ya majuma kadhaa, asubuhi moja mtoto akaamka uso umevimba, macho hayafunguki vizuri. Mkojo wake ulikuwa mchache na wa rangi ya chai ya rangi. Akakimbizwa hospitali, akalazwa. Madaktari wakasema mafigo yameshikwa. Kwa bahati nzuri mtoto huyu alipona na akarudi shuleni.

Jambo hili mara nyingi linawashangaza watu. Vipele vya ngozi na mafigo vinapatana wapi? Sababu ni hii: mtu akijikuna, kucha hufungua ngozi. Vijidudu vya usaha huingia hapo. Mwili unapopigana na vijidudu hivyo, mapigano yenyewe yanaweza kuumiza mafigo baada ya majuma machache. Ndiyo maana muwasho si jambo la kuchekelea wala la kuonea aibu.

NGOZI INAFANYA KAZI GANI?

Ngozi ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote katika mwili. Ina kazi tatu ambazo tunazijua wenyewe tukifikiri kidogo.

Kwanza, ni ukuta. Inazuia vijidudu, vumbi na maji machafu visiingie ndani. Ukuta ukiwa na ufa, mwizi anaingia.

Pili, inapoza mwili. Mtu anayelima juani anaweza kutoa jasho la lita nzima kwa saa moja. Jasho likikauka linaondoka na joto. Lakini hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama vile kati ya mvua na mvua, jasho halikauki haraka. Linabaki juu ya ngozi, nguo zinashikamana na mwili, na mtu anachoka.

Tatu, inatupa habari. Inasikia moto, baridi, maumivu na muwasho. Kwa hiyo muwasho ni habari. Usinyamazishe habari kabla hujajua imetoka wapi.

Sisi wa pande hizi tunaishi katika hali za hewa mbili ndani ya safari ya saa chache. Ukitoka kwenye majani chai ya Manyatta ukateremka hadi Ishiara, au ukitoka Nkubu ukateremka hadi Marimanti, unavua sweta njiani. Ngozi ya mtu wa juu hukauka na kupasuka wakati wa baridi ya Julai. Ngozi ya mtu wa chini hulowa jasho karibu mwaka mzima. Basi usichukue mazoea ya juu ukayapeleka chini bila kufikiri.

HARARA: VIPELE VYA JOTO

Harara ni vipele vidogo vidogo vinavyochoma kama sindano. Hutokea shingoni, kifuani, mgongoni na mahali ngozi inapogusana. Vijitundu vya jasho vimeziba, na jasho halina pa kutokea. Harara haiambukizi.

Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga. Wazazi wetu walitufundisha kumfunika mtoto asipigwe na baridi, na huko juu mlimani walikuwa na haki. Lakini kumvalisha mtoto kofia ya sufu, sweta mbili na blanketi saa saba mchana huko Siakago ni kumpika. Shika kifua chake au shingo yake nyuma. Ikiwa kuna jasho, punguza nguo moja.

Matibabu ya harara ni rahisi na hayana gharama:
- Mwogeshe kwa maji ya kawaida, umkaushe polepole, hasa kwenye mikunjo ya shingo na mapaja.
- Mvalishe nguo ya pamba, nyepesi na isiyobana.
- Mkalishe kivulini mahali penye upepo.
- Usimpake mafuta mazito. Mafuta mazito ya mgando, pamoja na yale ya kukamulia ng'ombe ambayo wengi wetu tunayapenda, yanasaidia ngozi kavu wakati wa baridi. Wakati wa joto jingi yanaziba vijitundu vya jasho na kuzidisha harara.

Harara ikipata hewa, hupungua kwa siku chache. Ikizidi wiki moja, au watu wengine nyumbani wakaanza kuwashwa, hiyo si harara. Fikiria upele.

UPELE: MDUDU ASIYEONEKANA

Upele huletwa na mdudu mdogo sana ambaye jicho halimwoni vizuri. Jike huchimba njia ndani ya ngozi ya juu na kutaga mayai mawili au matatu kwa siku. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne. Kwa kawaida mtu mwenye upele ana wadudu kumi hadi kumi na watano tu mwili mzima. Hao wachache wanatosha kumnyima usingizi!

Shirika la Afya Duniani linakadiria ya kwamba wakati wowote watu wapatao milioni 200 duniani wana upele. Mwaka 2017 shirika hilo liliuweka upele katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Kwa hiyo mtu asione aibu. Hata mtu anayeoga kila siku anaweza kuupata. Unaambukizwa kwa ngozi kugusa ngozi kwa muda: kulala kitanda kimoja, kubeba mtoto, kushikana mikono kwa muda mrefu.

Dalili zake ni hizi:
1. Muwasho unaozidi usiku, mtu akishapata joto kitandani.
2. Vipele kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, viwiko, kwapa, kiuno, makalio na sehemu za siri. Kwa akina mama, kuzunguka chuchu. Kwa watoto wachanga hata nyayo, viganja na kichwa.
3. Zaidi ya mtu mmoja nyumbani wanajikuna.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tunapokosea wengi. Mtu anayepata upele kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita kabla ya kuwashwa. Katika wiki hizo anao, na anawapa wengine, na hajui. Ndiyo sababu ukimtibu anayejikuna peke yake, atapona, halafu ataambukizwa upya na yule asiyejikuna. Katika kisa chetu, cucu angetibiwa siku ile ile, hata kama hakuwa anawashwa bado.

Huko visiwa vya Fiji walijaribu jambo hili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika visiwa fulani walitibu wagonjwa na watu wa nyumba zao tu. Katika visiwa vingine walimpa kila mtu dawa ya kumeza, awe anawashwa au hawashwi. Pale walipotibu wote kwa dawa ya kumeza, wenye upele walipungua kutoka 32 kwa kila watu 100 hadi chini ya 2 baada ya mwaka mmoja. Pale walipotibu wagonjwa na nyumba zao, upele ulipungua kwa nusu hivi tu. Hata vidonda vya usaha vilipungua sana pale walipotibiwa wote. Umoja unaponya, si katika shamba peke yake.

JINSI YA KUTIBU UPELE

Dawa ya kupaka inayojulikana zaidi katika dispensari zetu ni ile nyeupe kama maziwa, ambayo chupa yake imeandikwa "benzyl benzoate". Wengi huiita BBE. Inachoma kidogo ikipakwa. Fanyeni hivi:

1. Chagueni siku moja. Kila mtu anayelala katika boma hilo atatibiwa siku hiyo, pamoja na kijana wa kazi na mwanafunzi aliyerudi likizo.
2. Jioni, kila mtu aoge na kujikausha. Mwili upoe kwanza.
3. Watu wazima wapake dawa kama ilivyo, kuanzia shingoni hadi vidole vya miguu. Msisahau kati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, katikati ya makalio na sehemu za siri. Usipake usoni wala machoni.
4. Watoto wachanganyiwe dawa na maji safi sawa kwa sawa, ili isiwachome.
5. Watoto chini ya miaka miwili na akina mama waja wazito wasipakwe kwa kubahatisha. Waende kliniki wapewe dawa inayowafaa, kama vile mafuta ya salfa, siku hiyo hiyo ya wengine.
6. Msiioshe kwa saa 24. Mtu akinawa mikono, apake tena mikononi.
7. Kesho yake muoge na kubadilisha nguo na shuka. Baada ya siku saba mrudie tena, ili kuua wale walioanguliwa baadaye.
8. Nguo, shuka na mablanketi ya siku tatu zilizopita yafuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Blanketi zito ambalo halifuliki litiwe ndani ya gunia la nailoni, lifungwe, likae wiki moja. Mdudu huyu akikosa mwili wa mtu hufa kwa siku mbili tatu hivi.

Kuna pia dawa ya kupaka iitwayo permethrin. Hiyo hukaa mwilini saa 8 hadi 14 na hurudiwa baada ya wiki moja. Fuata maelezo ya mwuguzi.

Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata baada ya wadudu wote kufa. Ngozi bado inawakumbuka. Usipake dawa kila siku kwa hasira, maana itakuchubua. Lakini vipele vipya vikitokea baada ya mwezi, rudi kliniki.

HESABU YA KIKUNDI

Mtu mzima hutumia kama mililita 30 za BBE kwa mara moja. Mtoto hutumia kama 15 za dawa pamoja na 15 za maji. Tuchukue nyumba yenye watu wazima wawili na watoto wanne:

Watu wazima: 2 x 30 = mililita 60
Watoto: 4 x 15 = mililita 60
Jumla kwa mara moja: mililita 120
Kwa mara mbili: mililita 240

Nyumba hiyo yahitaji chupa tatu za mililita 100, na kidogo kitabaki. Mama wa kisa chetu alinunua tyubu moja ndogo kwa watu watano. Si kwamba hakujali, bali hakufanya hesabu. Nyumba kumi zitahitaji chupa 30. Kikundi kikichanga kupitia mzunguko wa kila mwezi na mweka hazina akaongea na dispensari au duka la dawa lenye leseni, mara nyingi bei ya jumla inakuwa nafuu kuliko kila mtu kununua yake.

Onyo kali: wengine wamepaka dawa ya kupe ya ng'ombe, mafuta ya taa, au maji ya betri. Wengine wanataka kujidunga sindano ya minyoo ya mifugo. Msifanye hivyo kamwe. Dawa ya dip hupita kwenye ngozi na inaweza kumwua mtoto. Ngozi ya ng'ombe si ngozi ya mtoto wako.

CHOA NA FANGASI ZA MIGUU

Choa, ambacho wengine tunakiita mashilingi, ni duara lenye ukingo ulioinuka, wenye magamba, na katikati pamepona kidogo. Huletwa na fangasi, yaani ukungu kama ule wa mkate uliokaa. Ukungu unapenda joto na unyevu, sawa na mwili wenye jasho.

Choa cha mwilini hutibiwa kwa mafuta ya Whitfield au krimu ya clotrimazole. Paka mara mbili kwa siku, upite ukingo wa duara kidogo. Likishapotea, endelea wiki mbili zaidi. Wengi wanaacha mapema, na choa kinarudi.

Choa cha kichwani ni kingine. Mtoto ana mabaka yasiyo na nywele, nywele zimekatika. Hicho hakisikii mafuta, kwa sababu ukungu umeingia ndani ya shina la unywele. Kinahitaji vidonge kwa majuma kadhaa, mara nyingi sita hadi nane, kutoka kwa daktari. Mwambieni kinyozi wa sokoni asafishe mashine yake kwa spiriti kila baada ya kichwa. Akikataa, tafuteni mwingine. Nyinyi ndio wateja.

Miguu nayo yahitaji macho. Wachumaji wa majani chai wanaovaa gambuti tangu alfajiri, na wakulima wa mpunga wanaosimama majini, hupata nyufa nyeupe zenye harufu kati ya vidole. Osha, kausha kati ya kila kidole, anika gambuti kichwa chini usiku, na vaa soksi za pamba zilizofuliwa. Krimu ya clotrimazole itasaidia. Nyufa zikiwa wazi, vijidudu hupita hapo na mguu mzima unaweza kuvimba.

Na funza je? Hao ni somo lao wenyewe. Leo tukumbuke tu kwamba hawatolewi kwa pini moja inayozunguka watoto wote.

TYUBU NDOGO YA SOKONI

Turudi kwa ile tyubu. Kwa nini mtoto alipata nafuu halafu akazidiwa? Tyubu nyingi za namna hiyo zina dawa ya kutuliza uvimbe. Ni dawa halali ikitolewa na daktari kwa ugonjwa unaostahili, kwa muda maalum. Lakini haiui mdudu wa upele wala ukungu wa choa. Inanyamazisha mlinzi. Mbwa hafanyi kelele tena, na mwizi anaendelea kubeba vitu. Choa kilichopakwa dawa hiyo hupoteza duara lake na kuenea hata daktari akashindwa kukitambua. Ikitumiwa miezi mingi, ngozi huwa nyembamba kama karatasi, mishipa huonekana, na chunusi hujaa usoni.

Soma kibandiko kabla ya kulipa. Ukiona neno "betamethasone" au "clobetasol", usipake bila kuambiwa na daktari. Kama huwezi kusoma, mpe mtoto wa shule akusomee. Usione haya.

Jamaa yake ni krimu na sabuni za kubadilisha rangi ya ngozi. Zaidi ya dawa hizo za kutuliza, nyingine zina zebaki au hydroquinone. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa wa mafigo waliovimba mwili, wengi wao wakiwa wanawake vijana waliotumia krimu za zebaki. Mwaka 1998 Serikali ya Kenya ilitangaza kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, hydroquinone na dawa hizo za kutuliza uvimbe. Hata hivyo bado vinapenyezwa sokoni. Zebaki hupita kwenye ngozi, na mama mja mzito humpitishia mtoto tumboni. Ukiona kwenye boksi maneno kama "mercury", "calomel" au "hydroquinone", rudisha. Ikiwa hakuna maandishi ya vilivyomo ndani, rudisha pia. Ngozi yetu nyeusi ndiyo mwavuli tuliozaliwa nao chini ya jua la ikweta. Usinunue kisu cha kuuchana.

NDUGU ZETU WENYE UALBINO

Wao hawakuzaliwa na mwavuli huo. Jua la Tharaka linawaunguza tangu utotoni, na saratani ya ngozi huwapata wangali vijana. Kofia yenye ukingo mpana, nguo ya mikono mirefu na kivuli tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni ni dawa. Mtoto mwenye ualbino akae darasani mbali na dirisha la jua, lakini karibu na ubao, maana macho yake hayaoni mbali. Apakwe mafuta maalum ya kuzuia jua. Huko Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, mafuta hayo yalianza kutengenezwa mwaka 2012 kwa ajili ya watu wenye ualbino. Hapa kwetu, ulizeni ofisi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Kidonda chochote kisichopona kwa mwezi mmoja kionwe na daktari.

KUOGA KWA MAJI KIDOGO

Msomaji wa Mbeere atasema, "Mwalimu, maji unayosema ni ya wapi? Mimi nabeba mtungi kilomita nyingi." Ni kweli. Basi tumia beseni moja la lita tano kwa mpango huu: uso kwanza, halafu kwapa, chini ya matiti, mapajani, na mwisho kati ya vidole vya miguu. Jipake sabuni ya kipande sehemu hizo zenye jasho, si lazima mwili mzima kila siku. Suuza kwa kikombe. Jikaushe kwa kitambaa chako mwenyewe. Maji yaliyobaki mwagia mchicha.

Sabuni ya unga ni ya nguo, na dawa ya kuondoa madoa pia ni ya nguo. Zikipakwa mwilini zinachubua ule ukuta tuliousema. Kata kucha za watoto kila Jumamosi. Kucha fupi zinapunguza vidonda, hata kama muwasho haujaisha.

DALILI ZA HATARI: NENDA HOSPITALI LEO

- Uso au miguu imevimba, hasa asubuhi.
- Mkojo ni mchache, au una rangi ya chai ya rangi au ya damu.
- Homa pamoja na vidonda vyenye usaha.
- Ngozi nyekundu au nyeusi inayovimba, yenye moto na maumivu, na inaenea.
- Malengelenge mwili mzima, au vidonda mdomoni na machoni, hasa baada ya kumeza dawa mpya.
- Mtoto mchanga mwenye usaha kwenye ngozi.
- Doa lisilosikia mguso wala sindano. Huenda ni ukoma, nao una dawa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kisa, ni wapi mama angeweza kufanya tofauti? Na jirani? Na cucu?
2. Katika nyumba zetu, nani hulala na nani? Nani angesahauliwa siku ya kupaka dawa?
3. Leteni tyubu na sabuni zote mnazotumia. Someni vibandiko pamoja. Mmeona nini?
4. Kwa nini watu huona aibu kusema wana upele? Tutawasaidiaje waseme mapema?

KAZI YA MWEZI HUU

Chagueni wanakikundi wawili wapitie nyumba zote za kikundi wakiuliza swali moja tu: "Nani anajikuna usiku?" Wasiandike majina kwenye ubao wa mkutano, waandike hesabu tu. Ikiwa nyumba zenye upele ni zaidi ya mbili, mwenyekiti na mhudumu wa afya wa kijiji waende dispensari pamoja, wapange siku moja ya kutibu wote. Fanyeni hesabu ya chupa kama tulivyoonyesha. Baada ya siku saba rudieni. Baada ya mwezi mmoja ulizeni tena swali lile lile, mlinganishe hesabu.

Mkishamaliza, tuandikieni mtuambie: mlikuwa nyumba ngapi, mlifanyaje, na ni wapi mlikwama. Hata mkikwama, andikeni. Kikundi kingine kitajifunza kutoka kwenu.

Tukumbuke maneno haya matatu tukienda nyumbani: jua kinachowasha, soma kibandiko, tibu wote. Kwaherini hadi somo lijalo.